Kuchagua bastola ya kwanza: kasha, mkono, kisha duka

Watu wengi hununua bastola kinyumenyume. Huanza na jina la kampuni, wakahamia kwenye ukubwa wa risasi, wakabishana ni ipi "kali", na silaha ikishafika nyumbani ndipo wanapotafuta pa kuiweka. Hapa tunapanga upya: kwanza haja na sheria, kisha mahali itakapokaa. Aina ya bastola inakuja baada ya hayo, kisha mkono utakaoishika, na ukifika dukani maswali mengi yatakuwa yamekwisha kujibiwa.

Hatua ya 1: Itaje kazi yake

Iwe kazi moja. Bastola ya kulenga shabaha uwanjani hupendeza ikiwa nzito na yenye mtutu mrefu: uzito hutuliza mkono, na umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele hupunguza makosa. Bastola ya kukaa nyumbani haina sababu ya kuwa ndogo, maana hakuna anayeificha kiunoni. Ya kubeba mwilini sharti iwe nyembamba na nyepesi, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga sawasawa. Anayetaka moja ifanye kazi zote tatu huishia na ile ndogo, kwa kuwa inaonekana inafaa kote. Halafu inamuumiza mkono, anaacha mazoezi.

Angalia pia wanaoishi nawe. Nchini Marekani, ambako raia wana silaha nyingi kuliko popote, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi kila mwaka ni watu waliojiua. Sababu inaeleweka: wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapita, lakini risasi haimpi mtu nafasi ya kuokolewa. Kama nyumbani kuna mtu aliyezama kwenye huzuni nzito, pombe isiyodhibitika, au ugomvi unaofika kwenye ngumi, ushauri wangu ni mfupi: usinunue. Kufuli imara, mlango wa chuma, taa za nje na mbwa anayebweka hufanya kazi kubwa ya ulinzi bila hatari hiyo. Na kama silaha tayari ipo na hali ikabadilika baadaye, itolewe nyumbani kwa njia inayoruhusiwa na sheria, iwe kwa polisi au kwa muuzaji mwenye leseni.

Hatua ya 2: Sheria kabla ya fedha

Usilipe hata arubuni kabla hujajua sheria ya nchi yako inasema nini. Tofauti ni kubwa mno. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, baada ya watoto wa shule kuuawa huko Dunblane, Scotland, mwaka uliotangulia. Meksiko humruhusu raia kuweka bastola nyumbani, lakini imemzuilia risasi ya milimita 9 Parabellum kwa kuihesabu kuwa ya jeshi. Mtu anaweza kuipenda bastola nzuri kabisa ambayo kwake yeye ni kosa la jinai.

Tafuta majibu ya maandishi kwa maswali haya: kibali ni cha kumiliki tu, au na kubeba? Ukubwa gani wa risasi unaruhusiwa, na risasi ngapi? Kasha la kuifungia silaha liweje, na litakaguliwa? Silaha husafirishwaje kati ya nyumbani na uwanja wa shabaha? Nani mwingine anaruhusiwa kuigusa?

La mwisho ni la kujitetea. Sheria za nchi nyingi huruhusu nguvu ya kuua pale tu ambapo maisha yako hatarini wakati huo huo na hakuna njia nyingine. Mwizi anayekimbia na televisheni, akiwa amekupa mgongo, kwa kawaida hayumo. Wala usidhani kupiga hewani ni njia ya katikati. Risasi iliyopanda lazima ishuke, na hujui inashukia kwa nani.

Hatua ya 3: Nunua kasha kwanza

Kasha liwe la chuma na likazwe kwa bolti ukutani au sakafuni. Lisipokazwa, mwizi hulibeba jinsi lilivyo na kwenda kulifungua kwa raha zake. Napendelea kufuli ya namba kuliko ya ufunguo, kwa sababu ufunguo nao unadai maficho yake. Juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya begi la nguo: huko siko kuficha. Watoto wanaijua nyumba kona kwa kona, na mtoto asiye na nguvu ya kuvuta kifyatulio kwa kidole kimoja hukisukuma kwa vidole gumba viwili, huku mtutu ukimwelekea yeye mwenyewe.

Risasi zikae mahali pengine penye kufuli yake. Ziada nzuri ni kebo ya kufuli, ambayo hupitishwa ndani ya mtutu au kwenye tundu la magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) na kuifanya silaha isifanye kazi. Kufuli inayobana kifyatulio isifungwe kamwe kwenye bastola yenye risasi.

Hatua ya 4: Kanuni nne, na jinsi ya kuhakikisha ni tupu

Kanuni zinazofundishwa leo katika viwanja vingi zilipangwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyegeuka mwalimu wa bastola. Chukulia kila silaha ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye chochote ambacho hukukusudia kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga na kuamua. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba kwa kawaida lazima uvunje zaidi ya moja kwa pamoja ndipo mtu aumie.

Kuitoa risasi bastola ya magazini kuna utaratibu usiogeuzwa. Mtutu ukielekea mahali salama, chomoa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi (chuma cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) ili risasi iliyomo chembani, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, iruke nje, izuie slaidi ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, halafu ingiza kidole kuhakikisha. Ukianza na slaidi ukamalizia na magazini, umetoa risasi moja na kupachika nyingine, na sasa umeshika bastola unayoapa kuwa ni tupu. Kwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, fungua silinda, inua mtutu juu, sukuma fimbo ya kutolea maganda, kisha tazama matundu yote moja moja.

Fanya hivyo kila unapopokea silaha kutoka kwa mtu, hata kama amekwisha kufanya mbele ya macho yako. Hakuna mwenye uzoefu atakayeona umemdharau.

Hatua ya 5: Zijue aina mbili

Rivolva ndiyo kongwe. Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836, na wazo la msingi ni lile lile: silinda yenye matundu, mara nyingi matano au sita, huzunguka na kuleta risasi mpya mbele ya nyundo inayoigonga. Maganda hubaki ndani mpaka uyatoe. Risasi ikigoma, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Haina magazini ya kupinda, na haichagui sana risasi. Kujua kama imejazwa ni suala la kufungua silinda tu.

Wauzaji wengi huishia kwenye sifa hizo, wakamkabidhi mgeni rivolva fupi ya inchi mbili, hasa akiwa mwanamke. Ushauri huo siukubali. Rivolva ndogo, ukiipiga bila kuinua nyundo kwanza, hudai nguvu ya kilo 5 hivi kwenye kidole kimoja kwa kila risasi, ilhali silaha yenyewe huenda haifiki nusu kilo. Nguvu hiyo huuhamisha mtutu kabla risasi haijatoka. Kilengeo chake mara nyingi ni mfereji tu juu ya fremu (kiwiliwili cha bastola), na teke lake linauma kweli. Inabebwa na wajuzi kwa sababu inafichika, si kwa sababu ni rahisi. Rivolva ya kujifunzia ni ile ya chuma, mtutu wa inchi nne, uzito wa kilo moja au karibu na hapo. Ukiweza kuvuta kifyatulio chake taratibu bila kilengeo kutikisika, hakuna bastola itakayokushinda.

Tena rivolva haikwami mara kwa mara, lakini ikikwama imekwama. Uchafu ukiingia chini ya nyota ya kutolea maganda, au kichwa cha risasi kikichomoka kwenye ganda kwa mtikisiko na kuzuia silinda kuzunguka, huna la kufanya papo hapo. Na usiweke kidole kamwe pembeni ya mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, maana gesi ya moto hutoka hapo kwa kasi ya kukata nyama.

Bastola ya magazini hutumia nguvu ya risasi yenyewe kurudisha slaidi nyuma, kutupa ganda na kupachika risasi inayofuata. Vizazi viwili vyake vinajulikana kuliko vingine: M1911 ya John Browning, iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ya chuma na risasi saba kwenye magazini, na Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye fremu ya plastiki na magazini ya risasi 17. Kwa ukubwa ule ule, aina hii ni nyembamba kuliko rivolva, hujazwa haraka, na slaidi na springi yake hupunguza makali ya teke.

Ubaya wake ni kukwama. Chanzo huwa magazini mbovu, risasi isiyopatana na bastola, uchafu, au mkono uliolegea kiasi kwamba slaidi haipati pa kusukumia. Ukiichagua, jifunze kukwamua mpaka mikono ifanye bila kuulizwa: gonga kitako cha magazini, koki (vuta slaidi nyuma uiachie), lenga upya ikiwa bado kuna haja.

Kinachotofautisha bastola za magazini zenyewe kwa zenyewe, kuliko jina la kampuni, ni kifyatulio. Katika M1911 nyundo lazima iwe imeinuliwa kabla. Mvuto ni mfupi na mwepesi, na usalama wake hutegemea sefti ya kidole gumba, yaani kitufe cha kuizuia isifyatuke, usiyoisahau. Katika Beretta 92 na za aina yake, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, inayofuata ni mepesi, kwa hiyo unajifunza vifyatulio viwili ndani ya silaha moja. Katika Glock na jamaa zake hakuna nyundo ya nje. Pini ya kugonga imefichwa, mvuto ni ule ule kila mara, kilo 2.5 hivi, na nyingi hazina sefti ya kidole gumba. Rahisi kuielewa, lakini haisamehe kidole kilichopotea njia, wala kona ya shati iliyoingia kwenye kifyatulio. Ala yake lazima iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote.

Basi ipi? Anayeanza na ambaye kweli atakwenda uwanjani walau mara moja kwa mwezi, achukue bastola ya magazini ya ukubwa wa kati au kamili, yenye mvuto ule ule kila mara. Ambaye mikono yake haiwezi slaidi hata baada ya kufundishwa, au anayejijua kuwa hatajifunza kukwamua, achukue rivolva ya inchi nne. Asiyetaka mazoezi kabisa asichukue yoyote.

Kuhusu slaidi, usikate tamaa mapema. Mara nyingi tatizo ni mbinu. Ilete bastola karibu na kifua mtutu ukiwa mahali salama, kamata slaidi kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole viwili, halafu sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine huku huu ukiishikilia.

Hatua ya 6: Chagua risasi, bila kulala macho

Kwa kulinda nyumba, 9 mm Parabellum ndiyo inayopendelewa na wengi, na sina ubishi nao. Ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, inapatikana kila inapouzwa risasi ya bastola, na teke lake linavumilika. Kwa rivolva, mwenzake ni .38 Special ya mwaka 1898 (namba za aina hii hutaja takriban upana wa risasi kwa sehemu ya inchi). Rivolva iliyotengenezwa kwa .357 Magnum hupokea .38 Special pia, nayo huwa nzito kidogo, kwa hiyo kununua ya .357 na kuilisha .38 ni mpango mzuri. Kinyume chake ni marufuku.

.45 ACP ni pana na nzito, teke lake ni kubwa zaidi na magazini hubeba chache. .22 LR ni ya bei nafuu na haina teke la kuogofya. Kwa kujifunzia haina mfano, ila fataki yake (kemikali inayowasha baruti ikigongwa) iliyo kwenye ukingo wa ganda hugoma mara nyingi kuliko ile ya katikati. Kuna pia .380, inayoitwa 9 mm fupi kwenye maboksi mengine. Hiyo si 9 mm Parabellum, na hazibadilishani. Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu, uyalinganishe na ya kitako cha ganda.

Ubishi wa "ipi inaua zaidi" hautakusaidia kitu. Tofauti kati ya risasi hizi za kawaida ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya kupata na kukosa. Linalostahili kufikiriwa ni ukuta: zote hizi hupenya mlango wa mbao na ukuta wa bodi ya jasi zikiwa bado na nguvu ya kumuua aliye chumba cha pili. Fahamu nani analala upande gani.

Hatua ya 7: Pima mkono

Chukua bastola iliyohakikishwa kuwa tupu. Ishike juu kabisa ya mpini, mtutu na kigasha viwe mstari mmoja. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Kikigusa kwa nyama ya pingili ya kwanza, mpini unakutosha. Kikifika kwa ncha tu, au ikabidi uzungushe mpini ndani ya kiganja ili kifike, ni mnene mno kwako. Kama kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, ni mfupi mno. Jaribu kufikia kitufe cha magazini na sefti bila kulegeza mshiko. Anayetumia mkono wa kushoto awe mkali zaidi hapa, maana si kila bastola ina vitufe vinavyohamishika.

Pima na jicho pia. Elekeza kidole kwenye kitu cha mbali, macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami ndilo litakalolenga.

Hatua ya 8: Piga kabla ya kununua

Viwanja vingi hukodisha. Piga aina zote mbili, mwalimu akiwepo. Vaa kinga ya masikio, kwani mlio wa bastola hupita desibeli 140, na mlio mmoja tu wa kiwango hicho unaweza kuharibu usikivu. Vaa na miwani.

Weka karatasi mita saba, upige risasi hamsini, tano tano, polepole. Usitazame kama umepata katikati; tazama matundu yamekaribiana kiasi gani. Halafu linganisha kumi za kwanza na kumi za mwisho. Zile za mwisho zikitawanyika, bastola hiyo inakuchosha au umeanza kuliogopa teke lake, na hilo haliponi kwa kuizoea bali kwa kuchukua nzito zaidi au yenye risasi laini zaidi.

Ukivuta na isilie, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua. Fataki inaweza kuchelewa. Ikilia mlio hafifu wa ajabu, simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimenasa ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua mtutu mkononi mwako.

Hatua ya 9: Dukani

Sasa nenda. Usitumie pesa zote kwenye bastola. Tenga za magazini mbili za ziada, ala, vifaa vya kusafishia, mafunzo na risasi za mazoezi. Ikiwa ni ya mkono wa pili, tazama ndani ya mtutu kwa tochi: mifereji iwe wazi, bila kutu wala uvimbe. Kwenye rivolva, silinda iliyofungwa isicheze sana. Kwenye ya magazini, angalia kama midomo ya magazini haijapinda. Namba ya silaha ilingane na karatasi. Ikiwa imekwanguliwa, rudisha na uondoke.

Hatua ya 10: Miezi ya mwanzo

Mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila risasi yanajenga mkono kuliko kitu kingine, mradi risasi zote ziwe chumba kingine, nyuma ya shabaha pawe na kitu kinachoweza kuzuia risasi, na kitabu cha bastola yako kiwe kinaruhusu. Nyingi za .22 huharibika zikifyatuliwa zikiwa tupu. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, kisha ifungie. Ajali nyingi hutokea kwenye lile "moja la mwisho" baada ya risasi kurudishwa.

Safisha baada ya kila uwanja, mafuta yawe kidogo. Osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, kwa sababu moshi na vumbi la risasi vina madini ya risasi ambayo ni sumu.

Na zile risasi za ulinzi unazopachika na kutoa kila siku, ziangalie. Kupachikwa tena na tena husukuma kichwa ndani ya ganda, na ganda lililopungua nafasi huongeza shinikizo kupita kiasi. Zisimamishe kando ya risasi mpya. Iliyofupika usiipige, irudishe kwa muuzaji aiteketeze.